Waya wa leza ukigoma: dalili, visababishi, na pa kuanzia

Parachichi la Rungwe ukilibonyeza ili ujue kama limeiva, tayari umeliharibu. Atakayelinunua baada yako atakuta doa jeusi pale ulipoweka kidole. Upimaji wa zamani wa mwale wa elektroni ndani ya kichapuzi, mashine inayozikimbiza elektroni, ulikuwa wa namna hiyo. Unapitisha uzi mwembamba wa kaboni au tangsteni katikati ya mwale, unahesabu mionzi inayotawanyika, unapata upana wake. Lakini mwale umeshavurugika, na ukiwa mwembamba sana na wenye chaji nyingi, uzi wenyewe unakatika. Kwa sababu hiyo, miaka ya 1990 watu wa maabara ya SLAC kule California walianza kuuweka mwanga mahali pa uzi.

Jinsi waya huo wa leza unavyofanya kazi ni hivi. Leza inakusanywa na lenzi hadi inabaki na upana wa mikromita chache, kisha inaukata mwale wa elektroni kwa pembe mraba. Elektroni chache zinagongana na fotoni na kuzirusha mbele zikiwa na nishati kubwa mno. Katika kichapuzi cha ATF cha maabara ya KEK, Tsukuba, Japani, elektroni zina nishati ya GeV 1.3, yaani elektroni-volti (eV) bilioni 1.3. Fotoni ya kijani ya eV 2.33 ikigongwa pale inaondoka na nishati inayoweza kufika karibu MeV 29, yaani eV milioni 29. Sumaku inaukunja mwale wa elektroni pembeni, miale ya gama, yaani zile fotoni zilizorushwa, inanyoosha njia yake mpaka kwenye kigunduzi. Unaisogeza leza juu na chini kidogokidogo, unahesabu, unachora, na kengele inajitokeza kwenye grafu. Fungu la elektroni bilioni 10 likikutana na leza ya megawati 10, huku vyote viwili kwa pamoja vikiwa na sigma (kipimo cha upana wa kengele) ya mikromita 1, zinazogongana ni kama 20,000 tu. Zilizobaki hazina habari.

Ninaandika nikiwa Mbeya, ambako hatuna kichapuzi cha aina hiyo. Tulicho nacho ni meza nzito, leza ya kijani, lenzi, wembe, fotodayodi ya kugeuza mwanga kuwa umeme na osiloskopu ya kuuchora umeme huo, pamoja na vijana wanaotaka siku moja kukaa zamu kwenye mashine hizo. Mwongozo huu ni wao. Msimamo wangu niuseme mapema: namba ikikataa, shuku leza kwanza, kisha muda, kisha kigunduzi, na mwale wa elektroni uwe wa mwisho kushukiwa. Wengi huanzia kwenye mwale kwa kuwa ndio unaovutia, wakapoteza usiku mzima wakigeuza sumaku zisizo na kosa.

Dalili: hakuna ishara kabisa

Hii ndiyo inayokatisha tamaa kuliko zote, kwa sababu grafu tupu haikuelezi umekosea wapi. Vitu viwili vinatakiwa kukutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja, na ukikosa kimoja unaona sifuri ileile.

Anza na leza. Pima nguvu yake kabla haijaingia kwenye chumba cha ombwe, kisha pima inapotokea upande wa pili. Kama inayoingia ni nzuri na inayotoka imepungua sana, kuna kioo kilichohama au dirisha lililoungua. Kagua dirisha kwa tochi ukiliangalia kwa mshazari. Doa la kuungua huonekana kama chembe ya maziwa iliyoganda kwenye kioo. Kioo cha kawaida kikikaa miaka karibu na mionzi hugeuka rangi ya chai, kwa hiyo lenzi na madirisha ya kazi hii hutengenezwa kwa silika safi iliyoyeyushwa, inayostahimili mionzi vizuri zaidi.

Leza ikiwa salama, nenda kwenye muda. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na ishara ndani ya kebo ya kawaida huenda kama sentimita 20. Maana yake kila mita ya kebo ni nanosekunde 5. Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni tulitafuta mgongano siku tatu mfululizo. Leza yetu ilikuwa na mapigo mafupi ya pikosekunde mia na kitu, na kila mmoja wetu alikuwa ameshapima muda wake na kuridhika. Usiku wa tatu nililala chini ya meza na tochi mdomoni, nikaifuata kebo ya kichocheo, ile inayoiamuru leza ipige, kwa vidole tangu mwanzo mpaka mwisho. Katikati nikakuta kiungio kipya kinang'aa. Mtu alikuwa ameongeza kipande cha mita mbili ili kebo ifike kwenye kabati jingine, bila kuandika kwenye daftari. Nanosekunde 10. Tangu siku ile sikubali muda uliopimwa kwenye kebo. Nakubali ule uliopimwa kwa mwanga wenyewe: weka fotodayodi moja ya kasi mahali ambapo inaona mwanga unaotolewa na elektroni zikigonga skrini, na pia inaona leza iliyopunguzwa nguvu. Mapigo yote mawili yakipita kwenye fotodayodi ileile na kebo ileile, tofauti unayoiona kwenye osiloskopu ni ya kweli, ukishatoa umbali wa njia ya kila mwanga.

Baada ya muda ndipo unatafuta mahali. Mwale wa mikromita 1 kutafutwa na leza ya mikromita 2 ndani ya dirisha la milimita kadhaa ni kama kutafuta sindano shambani. Usianze na mwale mwembamba. Omba chumba cha udhibiti waupanue mara kumi, na leza nayo iache ikiwa imetoka kidogo kwenye fokasi. Ishara itakuwa dhaifu lakini itaenea eneo kubwa. Ukiipata, bana taratibu, hatua kwa hatua, usiipoteze.

Na kigunduzi je? Hapa takataka ni rafiki yako. Ombwe halijawahi kuwa tupu kabisa. Elektroni hugonga gesi iliyobaki na kutoa miale ya gama inayofuata njia ileile. Leza ikiwa imezibwa, kigunduzi kisicho na kasoro lazima kione kitu kidogo. Kisipoona chochote, tatizo haliko kwenye leza: volti ya fotomaltiplaya (bomba linalokuza mwanga hafifu wa kigunduzi), mwelekeo, au kipande cha madini ya risasi kilichosahaulika njiani.

Dalili: ishara ipo hata bila leza, au hailingani na chochote

Jambo moja dogo hutatua nusu ya kesi hizi: leza izibwe, isizimwe. Ukiizima, unazima pia taa zake za kimuliko na swichi zake za volti kubwa, na hizo zenyewe hurusha kelele za umeme kwenye kebo za kigunduzi. Ishara ikibaki vilevile leza ikiwa inapiga lakini njia yake imezibwa, unachokiona si fotoni. Sasa ndipo uizime: ishara ikipotea, ulikuwa umeme wa leza. Tenganisha kebo na urekebishe waya wa ardhi (earth). Ishara ikibaki hata baada ya kuzima kabisa, hiyo ni ya mwale.

Ya mwale nayo ina sura mbili. Ikipanda na kushuka pamoja na shinikizo la ombwe, ni gesi. Ikibadilika mwale unaposogezwa kidogo kulia au kushoto, ni ukungu wa elektroni unaokwangua ukuta wa bomba mahali fulani kabla mwale haujakufikia. Njia ya kuishi nayo ni kupima pigo moja na leza, pigo linalofuata bila leza, na kutoa. Usipime takataka mara moja asubuhi ukaitumia mpaka jioni.

Gawanya pia kila ishara kwa chaji ya fungu na kwa nguvu ya pigo la leza. Bila hivyo grafu yako inachora matatizo ya leza tu.

Dalili: mwale unaonekana mpana kuliko ulivyo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo ninapotaka ukae zaidi.

Upana unaoupima si wa mwale peke yake. Ni kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo vya pili: wa mwale, wa leza, wa mtikisiko, wa mwinamo. Chukua mwale wenye sigma ya mikromita 1 na leza ya mikromita 1. Utapima 1.41. Kama unaamini leza yako ni 0.8 kwa sababu karatasi ya kiwandani ilisema hivyo, utatoa na kupata mwale wa 1.17, na utaandika ripoti kwamba mashine ina kasoro ya asilimia 17. Mashine haina kasoro. Umeiamini karatasi.

Kwa hiyo pima leza yako mwenyewe. Sisi tunafanya hivyo kwa wembe. Unaupitisha taratibu kwenye fokasi kwa skrubu ya mikromita, na nyuma yake fotodayodi inasoma mwanga uliobaki. Umbali kutoka asilimia 84 ya mwanga hadi asilimia 16 ni sigma mbili. Basi.

Muhula mmoja kijana wa kutoka Tukuyu aliniita. "Mwalimu, mkunjo hauteremki mpaka sifuri." Nikaenda kuangalia. Ulikuwa unashuka vizuri, mwembamba, halafu ukifika chini unajivuta pole, kama mteremko unaoishia kwenye tambarare ndefu. Alikuwa ameshabadilisha wembe mara mbili. Nikamwambia aweke sidii ya zamani mbele ya leza na aangalie ukutani. Tuliona madoa ya kijani yaliyopangwa kwa mstari. Kisha akachukua simu, akatazama kwa kamera ya mbele, na kwenye skrini yakatokea madoa mengine, katikati ya yale ya kijani, mahali ambapo macho yetu hayakuona kitu. Leza za kijani za bei nafuu hutengeneza mwanga wake kutoka kwenye infraredi ya nanomita 808 na 1064, na zisipokuwa na kichujio kizuri, infraredi hiyo huvuja. Fotodayodi ya silikoni inaiona ile ya 808 kuliko hata kijani, na lenzi haiikusanyi mahali pamoja na kijani. Ule mkia ulikuwa infraredi iliyo nje ya fokasi. Tukaweka kichujio, mkia ukakatika. Na kwa sababu hiyohiyo leza hizi si za kuchezea: infraredi isiyoonekana haikufanyi upepese jicho, inaingia tu.

Kwenye mashine kubwa mkia wa aina hiyo hutokea pia, ila sababu yake ya kawaida ni nyingine. Leza iliyobanwa sana hufunguka haraka. Ikiwa na nusu kipenyo cha mikromita 2 kwenye fokasi, kwa nanomita 532, urefu wa Rayleigh, yaani umbali kutoka kwenye fokasi ambao leza bado ni nyembamba, ni kama mikromita 24 tu. Mwale wa elektroni mara nyingi umelala bapa kama chapati, mwembamba kwenda juu lakini una sigma ya mikromita 100 kwenda pembeni. Basi katikati ya chapati leza ni nyembamba, kwenye kingo imeshafunguka. Unachopata ni kengele nyembamba iliyosimama juu ya kitako kipana. Ukilazimisha kengele ya kawaida ipite kwenye data hizo, itavutwa na kitako na kukupa upana wa uongo. Tumia hesabu kamili inayojumlisha mwingiliano wa leza na mwale kwa urefu wote, na upana wa pembeni uupime kivyake.

Chapati hiyohiyo ina mtego wa pili: mwinamo. Leza ikiinama miliradiani 10 tu, kitu ambacho jicho halikioni, mikromita 100 za pembeni zinajipenyeza kwenye kipimo cha juu kama mikromita 1. Mwale wa mikromita 1 unasomeka 1.41. Namna ya kuligundua ni kuinamisha leza kwa makusudi, kidogo huku na kidogo kule, na kuchora upana dhidi ya mwinamo. Pale mkunjo huo ulipo chini kabisa ndipo mahali pa kukaa. Kama huwezi kuinamisha leza, waombe waongeze upana wa pembeni. Ukiona wa juu nao unapanda, una mwinamo.

Mtikisiko unajitambulisha kwa njia nyingine. Simamisha leza pembeni mwa kengele, pale penye mteremko mkali, na usome mapigo mia bila kusogeza kitu. Kisha simama kileleni usome mia nyingine. Pembeni pakiruka sana kuliko kileleni, kuna kitu kinatikisika juu na chini. Ni leza au elektroni? Vipima-nafasi vya mwale vilivyo jirani vitakwambia: kama ishara inaruka pamoja navyo, ni elektroni, kama havijui lolote, ni leza, na mara nyingi ni pampu ya maji ya kupoozea iliyowekwa kwenye meza ileile.

Ukimaliza hayo yote na mwale bado ni mpana, sasa unaweza kuwaendea wenye mashine. Waulize kwanza kama mahali ulipo elektroni zenye nishati tofauti kidogo zinapita njia tofauti kidogo, maana hilo nalo hupanua mwale bila mwale wenyewe kuwa mbovu.

Dalili: asubuhi namba nzuri, mchana zimehama

Mtu wa Nyanda za Juu hahitaji kufundishwa kwamba joto hubadilika. Uyole mwezi wa Julai unaamka chini ya nyuzi 10, saa nane mchana unavua sweta. Nguzo ya alumini ya sentimita 50 inayobeba lenzi hurefuka kama mikromita 12 kwa kila nyuzi moja. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya mwale wa mikromita 1. Nyaya za mwanga zinazobeba saa ya mashine nazo hurefuka kimuda, karibu pikosekunde 4 kwa kila mita 100 kwa kila nyuzi moja. Ukiona kitovu cha kengele kinatembea polepole kwa saa nyingi, weka kipimajoto kwenye nguzo ya lenzi na kingine kwenye nyaya, chora mistari mitatu kwenye karatasi moja. Jibu hujitokeza lenyewe.

Nguvu ya leza ya kijani nayo hufuata joto. Leza zetu ndogo asubuhi ya baridi hutoa mwanga hafifu kwa sababu dayodi inayozichochea hubadili rangi yake kidogo ikipoa, na fuwele haiinywi vizuri. Kwenye mashine kubwa, fuwele inayogeuza infraredi kuwa kijani huwekewa kijitanuri kinachoshika joto lake. Umeme ukikatika na kurudi, kijitanuri huchukua muda kutulia, wakati leza yenyewe inaonekana imewaka. Usipime katika muda huo.

Dalili: mistari ya mwanga haitofautishi kitu

Kwa mwale wa chini ya mikromita 1 leza moja haitoshi, kwa kuwa mwanga haubaniki chini ya urefu wa wimbi lake kwa urahisi. Mwanafizikia wa Japani, Tsumoru Shintake, alitumia leza mbili zinazokutana na kutengeneza mistari ya giza na mwanga. Mwale mwembamba ukipita, ishara hupanda na kushuka sana mistari inaposogezwa; mwale mpana hufunika mistari kadhaa na ishara hutulia. Kwa njia hiyo SLAC walipima karibu nanomita 70 mwaka 1994, na ATF wakafika karibu nanomita 44 mwaka 2014.

Ishara ikiwa haitikisiki, wengi hukimbilia kusawazisha nguvu za leza mbili. Hilo ni la mwisho. Hata moja ikiwa na nguvu mara mbili ya nyingine, utofauti wa mistari bado ni asilimia 94. Angalia kwanza kama umechagua pembe sahihi. Leza za nanomita 532 zikikutana karibu uso kwa uso, kwa nyuzi 174, nafasi kati ya mistari ni nanomita 266. Zikikutana kwa nyuzi 30, ni kama 1,030. Mwale wa nanomita 300 kwenye mistari ya 266 hautaonyesha chochote hata kila kitu kikiwa sawa. Anza na mistari mipana, shuka kadiri mwale unavyobanwa. Ukishapita hapo, angalia mistari kuinama dhidi ya mwale, kisha urefu wa njia mbili za leza kutolingana, kisha mtikisiko.

Dalili: fungu la elektroni linaonekana refu mno

Urefu hupimwa kwa fuwele, zinki teluraidi au galiamu fosfaidi, inayowekwa milimita chache kando ya mwale. Uga wa umeme wa elektroni zinazopita hubadili fuwele, na leza inayopita ndani yake inabeba mabadiliko hayo nje. Elektroni hazijaguswa.

Kosa kubwa ni kutumia kifaa hiki karibu na bunduki ya elektroni, yaani chanzo kinachozitoa elektroni, na kuyaamini majibu. Uga wa elektroni hubanwa kuwa bapa kadiri nishati inavyopanda. Kwenye GeV 1.3, kwa umbali wa milimita 5, ueneaji wake ni femtosekunde chache tu. Kwenye MeV 5 ni zaidi ya pikosekunde 1.5, hata fungu liwe fupi kiasi gani. Sogeza fuwele karibu zaidi na mwale. Urefu ukipungua, ulikuwa unapima uga, si fungu.

Ukiona fungu la pili dogo nyuma ya la kwanza, pima umbali kati yao. Galiamu fosfaidi yenye unene wa milimita 0.1 hurudisha mwangwi wake baada ya pikosekunde 2 na ushee. Weka fuwele yenye unene tofauti. Fungu la pili likihama, lilikuwa mwangwi. Likibaki palepale, lipo kweli, na hapo ndipo unapopiga simu kwa watu wa bunduki.